Bamvua la Mwalimu Paschal

Mtu akiuliza sokoni Kibiti ilipo nyumba ya kina Bamvua, haelekezwi mara mbili. Ni ile yenye baraza pana na mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga. Watoto waliolelewa humo wana jina lao la ukoo, la babu yao wa Ngara, na ndilo lililoandikwa kwenye vyeti vyao, ambavyo si vichache. Lakini mitaani lililoshika ni Bamvua. Wapo wanaolitamka kwa kicheko, wakieleza kwamba marehemu baba yao alikuwa mtu wa bara aliyekuja kufundisha delta bila kujua maji kujaa wala kupwa, akachekwa, na jina likabaki. Habari hiyo ni ya kweli hadi katikati. Kuanzia katikati husimuliwa vibaya, au haisimuliwi kabisa, na huko ndiko jina lilikopata maana yake.

Paschal alipelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Msinzini, kisiwa kidogo cha wavuvi na wakata mikoko. Alifuatana na mke wake Rozalia, ambaye naye alikuwa mwalimu, na mtoto wao wa kwanza, Faraja, aliyekuwa bado akibebwa mgongoni. Paschal alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata katika wiki ambazo mkaa haukuonekana kisiwani, na mwandiko wake ubaoni ungedhani umechapwa. Alikuwa na udhaifu mmoja, kama huo ni udhaifu. Hakujua kumwambia mtu kwamba hana nafasi.

Miaka ile Msinzini palikuwa mahali pagumu kwa mtu wa namna hiyo. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na vyama vya siasa navyo. Wanunuzi wa kamba, hawa wa kuliwa, si zile za kufungia mizigo, walishuka kutoka Dar es Salaam na majokofu, jenereta na mizani ambayo wavuvi hawakuiamini. Kila chama kilitaka tawi, kila tawi lilitaka katibu anayejua kuandika. Mtu aliyenunua redio mpya aliileta kwa mwalimu ili asomewe maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya watu wengine. Waliogombania mizani walikuja kwa mwalimu. Aliyetaka kuoa alikuja kwa mwalimu ili harusi iwe na mshereheshaji mwenye Kiswahili cha kunyooka, na aliyetaka kuacha naye alikuja.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, karibu ndani."

Neno hilo karibu alilitoa kabla hajatazama nani anabisha. Chai iliyokuwa mkononi ilipoa, daftari la maandalizi ya somo likafunikwa, na mgeni akakaa. Msinzini mgeni hakai kidogo.

Ndipo likaja jambo la paa. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa uchaguzi, upepo uling'oa makuti yote ya chumba cha darasa la saba ukayatawanya hadi kwenye mikoko. Mkaguzi wa elimu alipokuja akasimama katikati ya chumba, akatazama mbingu, akatoa kauli yake bila ukali wowote. Shule ikifunguliwa baada ya Pasaka akakuta chumba hakina paa la kudumu, darasa la saba litahamishiwa bara.

Wazazi wa Msinzini walielewa maana yake kabla hajamaliza. Kwenda bara ni kuvuka mikono miwili ya mto kila siku, au kuhamia kwa watu. Wavulana wangekwenda. Wasichana wangebaki jikoni, na masomo yao yangeishia hapo. Mmoja wao alikuwa Sikujua, binti wa Mwanamina muuza samaki wa kukaanga. Alikuwa akikokotoa hesabu za sehemu kichwani huku wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Mwanamina alimfuata mwalimu mkuu siku ile ile akiwa bado na mafuta mikononi.

"Mwalimu, huyu mwanangu wakimvusha mto hasomi tena. Baba yake atasema mtoto wa kike hapandi mtumbwi peke yake, na mimi sitakuwa na la kumjibu."

"Hatavushwa mtu, Mama Sikujua," alisema Paschal.

Aliahidi, na kwa mtu wa malezi yake ahadi ilikuwa jambo zito. Mabati yalipatikana upesi kuliko alivyotazamia. Wazazi walichanga, paroko wa Kibiti akaongezea, na mwisho wa mwezi wa pili yote yalikuwa yamelazwa kwenye stoo ya parokia. Kilichobaki ni kuyafikisha kisiwani na kuyapigilia kabla masika haijaanza. Mashua yenye uwezo wa mzigo ule ilikuwa moja, ya kijana aitwaye Mwinyimvua, aliyekuwa akisafirisha boriti za mikoko.

Paschal alimkuta bandarini, karibu na karai la Mwanamina, akiziba ufa kwenye mashua yake.

"Mwinyimvua, mabati utaniletea lini?"

"Bamvua, mwalimu."

"Lini?"

"Bamvua. Sasa hivi haiwezekani. We subiri bamvua, n'takuletea zote kwa mpigo."

Katika neno hilo Paschal alisikia mvua tu. Kwao Ngara mvua ni mvua, iwe na ba mbele yake au isiwe nayo.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "mimi naezeka ili mvua isiingie. Wewe unataka kuniletea mabati mvua ikishaingia?"

Mwinyimvua alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kiwingu. "Mvua gani tena?"

"Hiyo unayoisema."

"Mimi nimesema bamvua."

"Iwe ba-mvua, iwe baada ya mvua, mimi sitaki mvua ya aina yoyote. Na wewe na jina lako hilo, nadhani unanifanyia mzaha."

Mwanamina alikitua kijiko chake cha kugeuzia samaki, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Samaki wawili waliungua. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona. Mwinyimvua ndiye aliyejitahidi kueleza, kwa heshima, ingawa sauti ilikuwa ikimkatika kwa kicheko. Bamvua ni maji makubwa, yale ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, bahari inapopanda mpaka vichwa vya vijito. Katikati yake kuna maji mafu, na wakati huo mkono wa mto unaoingia Msinzini hubaki tope. Mashua tupu hupita kwa kusukumwa. Mashua yenye mzigo haipiti kabisa.

"Basi ndiyo bamvua hiyo," alisema Paschal. "Nimeelewa. Ahsante."

Jioni hiyo watoto wa kisiwa kizima walikuwa wakiamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, Mwalimu Bamvua." Mtu mwenye wasiwasi na heshima yake angechapa viboko. Yeye aliitikia, "Marahaba," akawauliza bamvua linalofuata ni lini, na aliyejua akapewa nafasi ya kupiga kengele kesho yake. Wasimuliaji wengi huishia hapa.

Bamvua la kwanza lilikuja na mwezi wa Idd, na likapita. Mashua ilikuwapo, na Mwinyimvua alikuwapo. Asiyekuwapo ni mwalimu mkuu, aliyepaswa kwenda Kibiti kutoa mabati stoo, kwa sababu paroko hakumruhusu mtu mwingine. Siku ya kwanza ya maji makubwa alikuwa akisuluhisha ugomvi wa mizani. Siku ya pili alikuwa katika mkutano wa tawi la chama kimoja, na jioni yake katika mkutano wa chama cha pili, ili asionekane anapendelea. Siku ya tatu alichezesha mpira.

Hilo la mpira linahitaji maelezo. Wakala mmoja wa wanunuzi wa kamba, kijana wa mjini aitwaye Felix, alikuwa ameanzisha kombe ili wavuvi wampende. Zawadi yake ilikuwa mashine ya boti, mpya, ndani ya karatasi yake ya nailoni. Vijiji vilivyozunguka viliingia vyote. Refa aliyekubaliwa na kila upande alikuwa Paschal, kwa kuwa hakuwa na shemeji wala mjomba katika kisiwa chochote. Naye aliupenda urefa. Alikuwa na filimbi ya shaba aliyopewa chuo cha ualimu, yenye kamba nyekundu ya kuvaa shingoni, na alipoipuliza hata mbuzi walisimama.

Alirudi kutoka mpirani akiwa na vumbi mpaka magotini, akamkuta Rozalia barazani na Faraja amelala mapajani.

"Bamvua limepita, Baba Faraja."

Alisimama. "Nilikuwa..."

"Najua ulikokuwa. Ulikuwa kwa kila mtu." Hakusema kwa ukali. Rozalia alikuwa amesoma kwa masista, na masista hawapigi kelele. "Mama Sikujua alipita hapa. Ameacha samaki, akaondoka."

Paschal alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, hakula samaki wale.

"Nifanye nini, Mama Faraja? Nifukuze watu?"

"Usifukuze mtu. Wewe kaa ndani ufanye kazi. Barazani nitakaa mimi."

Kuanzia siku ya pili, baada ya masomo, Rozalia aliweka kigoda mbele ya mlango, akashika kitambaa chake cha kufuma, na kila aliyebisha hodi alikaribishwa, akaulizwa hali ya nyumbani, ya watoto na ya wazee, kisha akaulizwa swali moja.

"Shauri lako lina bati?"

"Lina nini?"

"Bati. Kama lina bati ndani yake, mwalimu huyo hapo, ingia. Kama halina, niambie mimi. Likinishinda, litasubiri mpaka paa lipande."

Katibu mwenezi wa chama kimoja alijikohoza. "Mama, mimi nimekuja kwa suala la taifa."

"Lina bati?"

"La taifa, mama."

"Taifa ni kubwa, halitapotea. Kunywa uji."

Hata Mzee Abubakary, mwenyekiti wa kijiji, hakusalimika. Rozalia alisimama, akamwamkia kwa adabu zote, akamwekea kiti chenye mto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Lina bati?"

Mzee Abubakary alifikiri. "Lina."

"Lipi hilo, mzee?"

"Nimekuja kuomba mimi nisiulizwe."

Walicheka wote wawili, naye hakuingia. Ugomvi wa mizani Rozalia aliumaliza mwenyewe kwa kuwaleta wavuvi na jiwe moja, wakalipima kwenye mizani ya kila mnunuzi mbele ya macho yao. Maelezo ya redio aliyasoma yeye. Harusi ilimpata mshereheshaji mwingine, na watu wakasema alichekesha zaidi. Ndani ya wiki swali lile lilikuwa limeenea kisiwani. Mume akiitwa kijiweni, mke alimuuliza mlangoni kama lina bati. Mvuvi akiombwa tumbaku alijibu kwamba hilo halina bati.

Na Paschal, akiwa ndani, alipata kitu alichokuwa amekisahau, nacho ni alasiri nzima ya utulivu. Alipima kenchi za paa, akapanga na mafundi, akahesabu misumari, akapeleka taarifa kwa paroko. Kila kitu kiliwekwa tayari kwa bamvua la mwezi mpevu, Jumamosi. Bamvua jingine baada ya hilo lingekuta masika imeshaanza.

Fainali ya kombe ilikuwa imepangwa Jumamosi moja kabla yake, katikati ya maji mafu. Rozalia mwenyewe aliipitisha. "Siku hiyo hakuna mashua inayotembea," alisema. "Nenda kapulize, maana naona filimbi inakuwasha."

Lakini siku mbili kabla ya fainali hiyo, Felix alikuja na miwani yake ya jua na viatu vyeupe ambavyo matope ya Msinzini yalivitamani. Alipoulizwa kama shauri lake lina bati, alisema ndiyo, lina mabati yote ya dunia, akaingia.

"Ticha, mambo yamenoga. Mgeni rasmi kakubali. Mkubwa wa wilayani, anakuja na boti ya mwendo kasi. Ila Jumamosi hii hana nafasi. Fainali tunaisogeza Jumamosi ijayo."

Paschal aliweka kalamu chini. "Jumamosi ijayo ni bamvua."

"Ndiyo nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu afike delta, Mwalimu Paschal akajikuta yeye ndiye anayeeleza. Alieleza vizuri, kama darasani, kwa kuchora mwezi na maji. Felix alitikisa kichwa.

"Maji yako mtoni, ticha. Uwanja uko juu kule, mkavu kama biskuti."

Uwanja wenyewe ulikuwa kwenye uwanda mweupe wa chumvi nyuma ya mikoko, ambao wenyeji huuita jangwa. Felix aliuchagua kwa ukubwa wake, akasimamisha magoli ya boriti mbilimbili, bila mti wa juu. Wazee walikuwa wamemnong'oneza kwamba bamvua la mwezi wa tatu huwa na kiburi kuliko mengine yote. Lakini kwa kuwa mwaka uliopita halikufika jangwani, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akiiota ile mashine ya boti, mnong'ono haukugeuka kuwa sauti.

"Mimi siku hiyo sipo," alisema Paschal. "Nafuata mabati."

"Ticha, usinibanie. Bila wewe zile timu zitapigana. Mgeni rasmi keshaambiwa refa ni mwalimu mkuu. Unajua hiyo ina maana gani kwako? Mkubwa akikuona umesimama katikati, na filimbi, na bukta safi? Kesho yake unaitwa Utete, wilayani. Mabati yapo tu, bati halina miguu."

Mtu asidhani kwamba kukataa kulikuwa rahisi. Paschal alikuwa na miaka ya kupanda cheo, alikuwa na mtoto, na juu ya yote alikuwa akiipenda ile filimbi. Alikuwa ameota fainali hiyo, alama ya katikati, sarafu ikirushwa juu. Kupitia dirishani aliona chumba cha darasa la saba, kuta nne na mbingu, na Sikujua peke yake ndani akifuta ubao.

Aliivua filimbi shingoni, pamoja na kamba yake nyekundu, akaiweka kwenye kiganja cha Felix.

"Mtafute wa kuipuliza. Ukimaliza nirudishie, ni mali ya kumbukumbu."

Baadaye kulikuwa na waliosema aliogopa timu, na waliosema alikuwa amehongwa na kijiji cha pili. Hayo hayana msingi. Filimbi ilitolewa mbele ya mashahidi, kwa maana Rozalia alikuwa mlangoni na Mzee Abubakary alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mto akinywa uji.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mwinyimvua, mwenye mashua, ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya Msinzini, na mabaharia wake wawili walicheza mbele. Paschal alimfuata bandarini.

"Mwinyimvua, wewe nahodha wa nini?"

"Wa mashua, mwalimu."

"Na wa nini tena?"

Mwinyimvua alitazama vidole vya miguu yake. "Wa timu."

"Jumamosi utakuwa nahodha wa kipi?"

"Mwalimu, usiniweke hapo. Nimezaliwa kisiwa hiki. Nikikosa fainali, hata mama mzazi hatanipa wali."

"Fainali yenyewe ni alasiri, na mashua inaingia alasiri. Huwezi kuwa kotekote. Mimi sikulazimishi. Nimekuja kukuambia tu kwamba filimbi yangu nimeshaitoa."

"Umeitoa kwa nani?"

"Kwa Felix."

Mwinyimvua aliinua macho. Kisiwa kizima kilijua mwalimu anavyoipenda ile filimbi. "Umeitoa kabisa? Na kamba yake?"

"Na kamba yake."

"N'taona," alisema Mwinyimvua, akarudi kwenye ufa wake.

Ijumaa Paschal alivuka kwenda Kibiti na kulala parokiani. Asubuhi lori likashuka na mabati hadi Nyamisati, mahali mizigo ya visiwani inapopandia vyombo. Aliyashusha pamoja na dereva, akayapanga kwenye kivuli, akakaa juu yake. Maji yalikuwa yakitoka kwa kasi. Mashua ya Msinzini ilipaswa kuja na maji hayo hayo ya kutoka, ipakie, kisha irudi na maji ya kujaa. Maji yaliendelea kutoka, mpaka tope likaanza kung'aa, na mashua haikuonekana.

Dereva alimuuliza kama ayarudishe mabati Kibiti. Paschal alisema bado. Akaulizwa tena. Akasema bado. Hakuwa na uhakika wowote, lakini alikuwa amezoea kusimama mbele ya darasa na swali asilolijua jibu lake na kuonekana analijua.

Halafu, kwenye kona ya mikoko, likatokea tanga la viraka. Mwinyimvua alikuwa kwenye usukani, amevaa jezi ya Msinzini, ya bluu, namba sita mgongoni, na viatu vya mpira vimening'inia shingoni. Pamoja naye walikuwa wazee wawili ambao mpira hawakuwa wakiuangalia kwa sababu ya macho.

"Nimechelewa, mwalimu. Ilibidi nijifiche. Wangenifunga kamba."

"Hiyo jezi?"

"Hii? Moyo wangu uko huko. Mwili ndio uko hapa. Leta bati."

Walipakia mchana, maji yakageuka, na bamvua likaanza kuwabeba. Paschal alisema baadaye kwamba hajawahi kuona maji ya namna ile. Yalipanda bila kelele, yakaimeza mizizi ya mikoko, kisha mashina. Mashua iliyozoea kusukumwa kwa pondo ilikwenda kama imeitwa. Walipokaribia Msinzini walisikia watu wakipiga kelele, na Mwinyimvua akakunja uso.

"Wamefunga," alisema. "Sijui nani kamfunga nani."

Hakuna aliyekuwa amefunga. Waliponyoosha kona waliliona jangwa lote likimeta. Maji yalikuwa yameingia kipindi cha kwanza hakijakwisha, kwanza kama kamasi nyembamba kwenye pembe, kisha vifundoni, kisha magotini. Magoli yalisimama katikati ya ziwa. Mpira ulikuwa ukielea polepole kuelekea mikokoni, na hakuna aliyeufuata. Mgeni rasmi alikuwa amesimama juu ya kiti, viatu mkononi, akiwa na uso wa mtu anayejitahidi kuwa na adabu. Felix alikuwa juu ya jenereta iliyozimika, akipuliza filimbi ya shaba mfululizo, kana kwamba maji yatasikia.

Mwinyimvua hakufuata mkono wa mto. Alitazama kina, akamtazama mwalimu, akageuza usukani. Mashua ikapita kati ya boriti mbili za goli, na nafasi ikabaki, ikakata uwanja moja kwa moja kuelekea upande wa shule.

Mwanamina, aliyekuwa amepandisha kanga na karai lake kichwani, ndiye aliyeiona kwanza. "Jamani," alisema, "nahodha kaingia uwanjani."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kisiwa cha jirani. Timu zote mbili, zilizokuwa zimejiandaa kupigana, zilijikuta zimesimama kwenye maji pamoja, jezi zimelowa rangi moja. Mzee Abubakary, fimbo mkononi, alijongea hadi ubavuni mwa mashua.

"Mwalimu, shauri hilo lina bati?"

"Lina, mzee. Mpaka juu."

Mwenyekiti akageukia umati. "Haya. Mpira hauna bati. Hili lina bati."

Watu wa vijiji vyote waliokuja kutazama fainali walijipanga kutoka mashuani hadi shuleni, na mabati yakapita vichwani mwao yakilia kama ngurumo ndogo. Mgeni rasmi, alipoona kiti chake kinaelea, aliteremka akashika ncha ya bati moja pamoja na Rozalia. Ilibidi aandaliwe hotuba mpya, na ilikuwa fupi, nao wakamshangilia kwa sababu hiyo. Felix aliirudisha filimbi mwenyewe, imejaa maji ya chumvi.

"Ticha," alisema, "ile picha ya mwezi uliyonichorea. Bado unayo?"

Mafundi walianza siku iliyofuata. Fainali ilirudiwa Jumamosi ya maji mafu, kwenye uwanja mkavu kama biskuti, Paschal akiwa katikati na bukta safi. Msinzini walishinda, ingawa watu wa kijiji cha pili wana maoni yao.

Masika ilipofika, darasa la saba lilikuwa ndani. Mvua ya kwanza iliposhuka juu ya bati jipya, kishindo kilikuwa kikubwa hata sauti ya mwalimu mkuu, iliyosifiwa na wengi, haikusikika dawati la mbele. Alinyamaza, akaegemea meza. Hakuna tone lililoingia. Sikujua alinyoosha mkono, na alipopewa ruhusa ilibidi asogee mpaka ubaoni ili asikike.

"Mwalimu, hii sasa ndiyo mvua."

"Na ile nyingine?"

"Ile ilikuwa bamvua."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Bamvua. "Kaa chini."